Maswali ya Wasomaji: Pikipiki Inatema Ukungu wa Oili

SWALI: Habari za kazi, mafundi wetu. Naendesha bodaboda ya cc 125, aina ya CG, hapa Tabora mjini, zaidi Ipuli na Cheyo. Siku hizi boksi la ea klina limejaa oili nyeusi, na ule mpira unaotoka kwenye injini unafuka kama birika. Mwenzangu kijiweni kasema niuzibe kwa bolti. Niuzibe?
— Msomaji, Tabora

JIBU: Usiuzibe, ndugu yetu. Huo ndio mpira wa kupumulia. Pistoni ikishuka inasukuma hewa iliyo chini yake, ikipanda inaivuta. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, hayo hutokea mara 100 kila sekunde. Ongeza na gesi ya moto inayopenya kwenye ringi, vile vikuku vinavyoizunguka pistoni. Ukiziba, msukumo huo utatokea kwenye sili (kizuizi cha oili) ya sproketi ndogo, sili ya kiki au gasketi, nawe utakuwa mteja wa kudumu wa duka la spea.

Anza na kipimo cha oili, maana hapa ndipo wengi hukosea. Injini ya CG 125 ikimwagwa oili huchukua lita 0.9, lakini chupa ya dukani ni lita 1, na hakuna anayependa kubakisha. Ile ziada krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, inaichapa mpaka inakuwa povu na ukungu, kisha inatoka na pumzi. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa mahali pa tambarare, washa dakika 3, zima, subiri dakika 3. Futa kijiti cha kupimia oili, kichomeke bila kukikaza kwenye nyuzi zake, kitoe usome: oili iwe kati ya alama mbili. Ukipima pikipiki ikiwa imelalia stendi ndogo, umejidanganya.

Oili ikipanda yenyewe na kunuka petroli, sindano ya boya la kabureta, ile inayozuia petroli, haifungi, petroli inashukia kwenye injini. Funga koki ya petroli, badili sindano, mwaga oili yote. Usiendelee kubeba abiria na oili hiyo. Ni nyepesi mno, itaua krenki.

Kipimo kikiwa sawa, angalia kama mpira umekunjika au umeziba kwa matope. Chini ya boksi la ea klina pana kimpira kidogo chenye kizibo; kifungue umwage oili iliyotuama. Kisha chomoa mpira wa kupumulia upande wa boksi, injini ikiwa ya moto na inanguruma taratibu, usogezee kipande cha karatasi nyepesi. Karatasi ikichezacheza, hiyo ni pumzi ya kawaida. Ikisukumwa nje mfululizo na moshi juu, shuku ringi.

Hakikisha kwa geji ya kompresheni, ile ya kupima mgandamizo ndani ya silinda: vuta resi mpaka mwisho, piga kiki mara 6, andika namba. Mimina kijiko 1 cha chai cha oili kwenye tundu la plagi, pima tena. Namba ikipanda sana, ni ringi au silinda. Isipopanda, tazama valvu. Fundi akifungua, aingize ringi kwenye silinda apime uwazi wa ncha zake kwa fila, vile vibati vyembamba vya kupimia: milimita 0.10 hadi 0.25 ni salama, ikifika 0.5 haifai. Ringi mpya ndani ya silinda iliyolika ni kutwanga maji kwenye kinu. Silinda ichongwe, iwekwe pistoni ya saizi inayofuata.

Na usiitoe ea klina eti kwa sababu imelowa oili. Mchanga wa Tabora utaingia moja kwa moja, utasaga ringi, na ukungu utazidi. Sponji ioshe kwa sabuni, ikamue bila kuisokota, ikauke, kisha iguse oili kidogo. Ya karatasi haioshwi.

SWALI: Nasafirisha madumu ya asali kutoka Sikonge. Wenzangu wamefunga kopo kwenye mpira wa kupumulia. Linasaidia?
— Msomaji, Sikonge

JIBU: Linasaidia kunasa oili, haliponyi injini. Tafuta kopo la bati au alumini la mililita 300 hivi, lenye mfuniko unaokaza. Tundu la kuingizia liwe ubavuni, la kutokea juu, na upana wake usipungue ule wa mpira wa asili. Ndani weka stili waya ya kusugulia sufuria, ile yenye nyuzi nene; laini hukatika vipande. Mpira uwe wa kuhimili oili na joto, upande juu bila kubonyea popote, maana oili ikituama kwenye bonde umeshauziba. Wa kutokea urudishe kwenye boksi la ea klina. Wanaouacha ukining'inia nyuma wanapaka oili tairi, na kwa mzigo wa madumu hiyo ni ajali inayosubiri kona.

SWALI: Asubuhi za masika naona uji mweupe kwenye mpira wa kupumulia. Maji yameingia?
— Msomaji, Nzega

JIBU: Kama ni kidogo na oili ya kijiti ni safi, ni mvuke uliopoa kwa sababu ya safari fupifupi. Endesha dakika 20 mfululizo, utakauka. Kijiti chenyewe kikitoka na rangi ya maziwa, hapo maji yameingia, usiwashe: mwaga oili kwanza.