Jibu: Kuchanganya poda ya peptidi za shaba na vitamini C

Dada, umeuliza kama ile poda ya bluu ya peptidi za shaba (vipande vidogo vya protini vilivyoshikana na shaba), ya kichupa cha miligramu 50, unaweza kuimwagia kwenye seramu yako ya vitamini C ukapaka kovu la moto. Usifanye hivyo. Shaba huiharibu vitamini C upesi, na asidi ya vitamini C nayo huibandua shaba kutoka kwenye peptidi. Unakosa vyote viwili. Paka vitamini C asubuhi, shaba usiku, basi.

Kuyeyushia poda, maji ya bomba hapana. Nunua duka la dawa yale maji ya kuchanganyia sindano. Mililita 5 kwa kichupa kizima zinakupa asilimia 1, inatosha kabisa. Yatiririshe taratibu ubavuni mwa kichupa, kisha zungusha bila kutikisa mpaka yawe bluu angavu. Weka kwenye friji, na kwa kuwa hayana kihifadhi, yamalize ndani ya siku chache. Yakigeuka kahawia au kuingia ukungu, mwaga. Jaribu kwanza nyuma ya sikio.

Sasa kovu. Mwanasayansi Loren Pickart aliigundua peptidi hii kwenye damu ya binadamu mwaka 1973, lakini majaribio mengi ya kuponya vidonda ni ya maabara na wanyama. Kovu la zamani lililovimba usitegemee lifutike. Hiyo pesa mimi ningenunulia jeli ya silikoni. Na huyo aliyekushauri ujidunge, mpuuze, poda ya vipodozi si ya sindano. Kama bado kuna sehemu mbichi, usipake chochote hapo, nenda ikaonwe na daktari.