Maswali ya wasomaji: mbao ilipendeza dukani, nyumbani imepauka

Safari hii barua nyingi zimekuja za mbao na taa, nimeona niziweke pamoja maana majibu yake yanaingiliana.

SWALI: Shikamoo dada. Nimenunua meza ya chakula na kabati la vyombo, rangi kahawia yenye wekundu flani hivi, dukani nilizipenda mpaka basi. Usiku nimewasha taa nyumbani naona vitu vingine kabisa, wekundu haupo, zimekaa kijivu kijivu. Asubuhi nikifungua pazia rangi inarudi. Mume wangu anasema tumebadilishiwa mzigo. Nirudi dukani au nimwite fundi apige vanishi upya?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Dukani usirudi na fundi mwambie asubiri kwanza, maana umeshasema mwenyewe kwamba asubuhi rangi inarudi, kwa hiyo meza ni ileile, kinachobadilika ni mwanga.

Balbu zote tunaziita nyeupe lakini kila moja ina rangi yake. Chukua boksi la balbu utaona namba inayoishia na herufi K, hiyo ni Kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga. 2700K ni ule mwanga wa njano njano wa balbu za zamani za waya, 3000K bado una joto ila umetulia zaidi, 4000K ni wa katikati, halafu kuna 6500K, mweupe unaoelekea bluu, ndio watu wengi wanaununua kwa kuamini unaangaza kuliko mingine. Mbao yako inaonekana nyekundu kwa sababu inarudisha wekundu uliomo kwenye mwanga, sasa taa ikiwa imejaa bluu na wekundu wake ni kiduchu mbao itarudisha nini? Inabaki kahawia iliyochoka. Meza ya mbao nyeupe nyeupe isingekusumbua hivyo, ila mahogani na kila kitu kilichopigwa rangi ya wekundu kinaumia sana kikimulikwa na taa ya 6500K.

Kuna namba nyingine watu hawaiangalii kabisa na mimi naiona muhimu kuliko hiyo ya kwanza, imeandikwa CRI au Ra, mwisho wake ni 100, inakwambia taa inaonyesha rangi za vitu kwa ukweli kiasi gani. LED nyingi za kawaida zinacheza kwenye 80, kwa chumba chenye mbao nzuri tafuta 90 na kuendelea. Na ukikuta wameandika R9, kipimo cha nyekundu kali peke yake, soma na hiyo, kwa sababu Ra ni wastani wa rangi nane tu tena zilizopoa, nyekundu kali haimo, ndio maana balbu mbili zenye Ra ya 80 zinaweza kukuonyesha meza moja kwa sura mbili tofauti. R9 ikiwa kubwa, wekundu wa mbao unatoka vizuri.

Kwa hiyo nunua balbu moja tu, 2700K au 3000K yenye CRI ya 90, ifunge juu ya meza, subiri usiku, vuta pazia, zima taa nyingine zote hata ya jikoni inayochungulia, halafu mwite na mume wako aangalie. Wekundu ukirudi badilisha balbu zote za chumba hicho ziwe namba moja, usichanganye ya njano hapa na ya bluu pale, utakuwa na meza yenye rangi mbili. Vanishi mpya juu ya tatizo la taa ni pesa imepotea, na kitu kilichokwisha pigwa msasa huwezi kukirudisha kilivyokuwa.

SWALI: Habari za kazi dada. Fundi ananiwekea paneli za mbao ukutani nyuma ya tivii, anasema apige vanishi ya kung'aa mpaka ujione uso, halafu juu tufiche striplaiti ya LED imulike kushuka chini. Kwenye picha inapendeza sana. Vipi hapo?

JIBU: Nzuri kaka. Striplaiti nakubaliana nayo, mng'ao huo hapana, na sababu ni hiyo hiyo taa.

Uso unaong'aa unafanya kazi ya kioo. Kila kidoti cha LED kitaonekana ndani ya paneli, mstari wa vidoti, na dirisha la upande wa pili nalo litaonekana humo humo, ukikaa kuangalia tivii jicho litahangaika. Halafu mwanga unaoteremka umelala kwenye ukuta hausamehi kitu, unatoa kivuli kwenye kila bonde dogo, kila mkwaruzo wa msasa uliopita kukata nyuzi za mbao, kila chozi la vanishi. Mchana ukuta ulikuwa umenyooka safi, usiku ukiwasha unaona mawimbi, na hapo lawama zinaanza wakati fundi kazi yake aliikagua kwa mwanga wa mbele. Mpe haki yake, mwambie afunge striplaiti kwa muda mahali pale pale itakapokaa, aiwashe wakati wa kupiga msasa na tena kabla ya koti la mwisho, ataona kila kitu na kukirekebisha mapema.

Chukua satini, ile ya mng'ao wa wastani, au mati kabisa. Mati nayo ina tabia zake usije ukashangaa, kwenye mbao nyeusi inaleta ukungu kidogo kwa sababu ya unga unaowekwa kuua mng'ao, na sehemu inayoguswa guswa na mikono inaanza kung'aa yenyewe baada ya muda. Mafundi wazuri wanapiga makoti ya chini kwa vanishi ya kung'aa, wanayapitishia msasa laini, halafu koti la mwisho tu ndio mati au satini, rangi inabaki na kina na mng'ao haupo. Muulize wako kama anaifahamu njia hii.

Striplaiti yenyewe iwekwe kwenye chaneli ya alumini yenye kifuniko cheupe cha maziwa, kinalainisha vidoti, na alumini inapoza LED zidumu. Zile zenye LED 120 kwa mita zinatoa mstari laini kuliko za 60. Weka na dima, swichi ya kupunguza mwanga, maana ukuta unaowaka kwa nguvu zote nyuma ya tivii saa nne usiku unachosha macho. Na ile pawasaplai yake, kisanduku kinacholisha striplaiti umeme, usiizibe ndani ya mbao bila upenyo wa hewa, inapata joto, na siku ikifa utalazimika kubomoa paneli kuifikia. Hili naomba sana ulisimamie mwenyewe.

SWALI: Milango yangu ni ya rangi nyeusi ya kahawa, sakafu ya mbao nyeupe, sasa nataka kabati za jikoni na kila mtu ananiambia lazima zifanane na milango. Ni lazima? Jikoni kwangu kuna giza kidogo.

JIBU: Sio lazima, na rangi inayokaribia kufanana ila imekosea kidogo inaonekana vibaya kuliko iliyo tofauti kabisa. Angalia kilicho chini ya rangi, kuna mbao zinazovuta kwenye wekundu, nyingine njano, nyingine kijivu. Kama milango na sakafu zote zinavuta njano basi kabati livute huko huko, liwe jeusi au jeupe utaamua mwenyewe. Kwa kuwa jiko lina giza mimi ningeenda karibu na sakafu, maana mbao nyeusi inameza mwanga, ukiweka nyeusi itabidi uongeze taa, hesabu hiyo ifanye kabla hujalipa. Na unaponunua soma lumeni, yaani kiasi cha mwanga, usisome wati, huo ni umeme inaotumia. Balbu ya zamani ya wati 60 ilitoa lumeni kama 800, LED inazitoa kwa wati 8 mpaka 10 tu. Taa moja ya katikati ya dari haitoshi jikoni, ukisimama unakata mboga mwili wako unatupa kivuli juu ya kaunta, weka taa chini ya kabati za juu upande wa mbele zimulike unapofanyia kazi.

Usichague kwa kadi ya rangi. Omba kipande cha mbao ile ile, kipigwe msasa ule ule na makoti yale yale, ukilaze na kukisimamisha jikoni kwako, ukiangalie asubuhi, mchana na usiku taa zikiwaka.

SWALI: Dada, rafu zangu za paini zilikuwa nyeupe safi, sasa zimekuwa njano kabisa. Nimefunga taa za LED za njano juu yake, ndizo zimeziunguza?

JIBU: LED hizo hazijakukosea, mionzi ya UV inayobadilisha mbao karibu hazitoi kabisa. Zima taa uziangalie mchana, zikibaki njano basi ni mbao na vanishi. Paini yenyewe inageuka njano kwa mwanga wa jua unaoingia dirishani, ukiinua kitu kilichokaa hapo muda mrefu utakuta alama yake chini ni nyeupe. Mbao zinatofautiana, mahogani inazidi kukolea, walnut inafifia. Halafu vanishi ya mafuta inakuwa njano hata ikiwa gizani, hiyo ndiyo asili yake, kwenye mbao nyeusi inaleta joto zuri ila kwenye paini nyeupe inaharibu.

Ukitaka weupe urudi hakuna dawa ya kufuta, ni kupiga msasa mpaka mbao safi halafu vanishi ya maji, ikiwezekana yenye kinga ya UV, na vitu vya kwenye rafu uwe unavihamisha hamisha miezi ya mwanzo mbao ibadilike sawasawa. Pazia jepesi dirishani litapunguza kasi, halitazuia. Na fundi akitumia mafuta ya linsidi popote pale, matambara yake yasikunjwe yakatupwa kwenye ndoo, yanajipasha joto yenyewe mpaka yanawaka moto, ayatandaze nje yakauke au ayaloweshe kwenye maji.