Mti hauna kosa, kosa liko kwenye hesabu

Swali la wiki hii lilikuwa hili: ikiwa miti hunyonya hewa ukaa bila kudai chochote, ni nini kinachozuia misitu isitusaidie vya kutosha kupunguza mabadiliko ya tabianchi?

Mti wenyewe hauna kosa. Karibu nusu ya uzito wa mti uliokauka ni kaboni, na yote ilivutwa kutoka hewani. Mwaka 2020 FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, ilihesabu hekta bilioni 4.06 za misitu duniani, na hilo ni ghala kubwa mno. Vikwazo vinaanza pale ghala hilo linapogeuzwa kuwa bidhaa ya kuuzwa.

Chukueni mpango wa REDD+, ambao wengi tunaujua kwa jina la MKUHUMI. Ulipata nguvu katika mkutano wa Umoja wa Mataifa wa tabianchi huko Bali mwaka 2007, na kanuni zake kuu zikapitishwa Warsaw mwaka 2013. Wazo lake ni zuri: wenye msitu walipwe kwa kutoukata. Lakini utapimaje kitu ambacho hakikutokea? Lazima mtu akadirie kwanza ni miti mingapi ingekatwa kama mradi usingekuwepo. Katika miradi mingi ya soko la hiari, yaani pale makampuni yanaponunua hewa ukaa bila kulazimishwa na sheria, makadirio hayo yameandaliwa na mwenye mradi mwenyewe. Akiikuza hatari, anapata tani nyingi zaidi za hewa ukaa za kuuza, na mnunuzi naye anafurahi kwa kuwa bei inashuka. Hapo ndipo roho inaponiuma, kwa sababu kila tani ya kwenye karatasi humpa mwenye kiwanda kisingizio cha kutoa tani ya kweli.

Kuna pia ukataji unaohama: unalinda bonde hili, misumeno inavuka kwenda bonde la pili. Na kuna moto. Kaboni ya makaa ya mawe ilikuwa imefukiwa kwa mamilioni ya miaka, ilhali ya mti inaweza kurudi angani kwa siku moja. Mwaka 2021, moto wa Bootleg huko Oregon, Marekani, uliunguza sehemu ya msitu ambao hewa ukaa yake ilikuwa imekwisha kuuzwa. Waliotunga taratibu za Itifaki ya Kyoto, mkataba wa kimataifa wa kupunguza gesi joto, waliliona jambo hili mapema, ndiyo maana miradi ya kupanda miti ilipewa vyeti vya muda tu. Soko la hewa ukaa la Umoja wa Ulaya halikuvipokea kabisa.

Lakini kikwazo ambacho mimi nakiweka mbele ya vyote ni umiliki wa ardhi. Mara nyingi watu wameishi msituni vizazi kwa vizazi, lakini kisheria msitu ni mali ya serikali. Mkataba unasainiwa mbali nao. Wao wanaambiwa tu wasifungue shamba jipya, wasichome mkaa, wasiwinde, na fedha wanazisikia kama habari za watu wengine. Kwa nini mtu huyo aulinde msitu?

Brazil ilionyesha kwamba inawezekana bila kusubiri soko. Kati ya 2004 na 2012, ukataji wa Amazon kwa mwaka ulishuka kutoka zaidi ya kilomita za mraba 27,000 hadi chini ya 5,000. Setilaiti zilitazama, wakaguzi wakafuata, wakulima waliovunja sheria wakanyimwa mikopo, na maeneo ya wenyeji wa asili yakatambuliwa. Ulinzi ulipolegezwa, misumeno ikarudi.

Kwa hiyo ningeanza na hati za ardhi, kisha doria, na hesabu ya tani ije mwisho. Na tani hizo zisitumike kufuta moshi wa makaa ya mawe. Nikiletewa mkataba wa hewa ukaa leo, ningefungua moja kwa moja ukurasa wa sahihi, nitafute kama kuna jina hata moja la mtu anayelala ndani ya msitu huo.