Swali la Lugha: "Ameshinda Osaka" au "amemshinda Osaka"?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi hufuatilia tenisi kwa kusoma matokeo kwenye simu, kwani mechi nyingi hatuzioni kwenye televisheni, kisha nawaandikia wenzangu katika kundi letu la WhatsApp. Siku ya fainali ya wanawake ya Montreal kati ya Victoria Mboko na Naomi Osaka, Agosti 2025, niliandika: "Mboko ameshinda Osaka 2-6, 6-4, 6-1." Mmoja akasema sentensi ina kasoro, lakini hakuieleza. Mwingine akauliza inakuwaje mshindi awe na mbili kwa sita. Je, matokeo ya tenisi tuyaandikeje kwa Kiswahili? Na kile kifupisho "ret." ("retired" ya Kiingereza) tukifasirije, maana programu ya kutafsiri huniandikia "amestaafu"? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Mwenzako wa kwanza yuko sahihi, na kasoro aliyoiona ni ya herufi moja tu: m.

Kitenzi "shinda" kina kazi mbili kubwa. Kuna kushinda kwa maana ya kupata ushindi, na kuna kushinda kwa maana ya kukaa mahali mchana kutwa. Ndiyo maana tunaulizana jioni, "Umeshindaje?" na mtu hujibu kwamba ameshinda shambani au ameshinda sokoni. Ushindi ukiwa dhidi ya mtu, Kiswahili hudai kiambishi cha mtendwa: amemshinda, wamewashinda, umenishinda. Kukiondoa kiambishi hicho, nomino inayofuata husomeka kama kitu kilichopatikana (ameshinda kombe, ameshinda kesi) au mahali mtu alipokuwa. Na kwa bahati, Osaka ni jiji kubwa la Japani, tena ndiko Naomi Osaka alikozaliwa. Msomaji asiyejua tenisi atakuelewa kwamba Mboko alikuwa Japani siku nzima, ilhali fainali ilichezwa Kanada.

Katika soka hatuna shida hii. Hata mtoto atakwambia "Simba imeifunga Yanga", na ile "i" ya Yanga haidondoki. Nadhani tenisi inatuponyoka kwa sababu tunaisoma kwanza katika tovuti za Kiingereza, ambako jina hukaa baada ya kitenzi bila alama yoyote. Andika "Mboko amemshinda Osaka". Ukitaka kumtanguliza aliyepoteza, andika "Osaka ameshindwa na Mboko". Zote mbili ni safi.

Hapohapo niguse wakati wa kitenzi. Vichwa vya habari vya Kiingereza hutumia wakati uliopo kwa jambo lililokwisha, nasi tumeanza kuandika "Mboko anashinda fainali". Kwa Kiswahili "anashinda" humaanisha mechi bado inaendelea na yeye yuko mbele. Mechi ikiisha sasa hivi ni "ameshinda". Ukisimulia kesho yake ni "alishinda". Anayefuatilia matokeo dakika kwa dakika anaitegemea sana tofauti hiyo, maana hana picha ya kumsaidia.

Sasa tuje kwenye namba, ambako ndiko penye utajiri na ndiko penye mitego.

Sisi tumezoea "kwa" ya soka: mawili kwa moja, matatu bila. Pale kinachohesabiwa ni kimoja tu, mabao, hivyo hata usipoyataja msomaji anajua. Katika tenisi "kwa" hiyohiyo hubeba hesabu tatu kwa wakati mmoja. Pointi hujenga gemu, gemu hujenga seti, seti huamua mechi. Katika mechi ya wanaume ya seti tano, ukiandika "Djokovic anaongoza mbili kwa moja" hujasema kitu, kwa sababu mbili hizo zaweza kuwa seti, na kwa hiyo kombe liko karibu, au zaweza kuwa gemu, na kwa hiyo seti ndiyo kwanza imeanza. Taja kinachohesabiwa: seti mbili kwa moja, gemu mbili kwa moja. Zingatia pia upatanisho. Mabao ni "mawili kwa moja", lakini seti na gemu ni za ngeli ya I-ZI, kwa hiyo ni "seti mbili kwa moja". Nimeshaona "seti mawili", na chimbuko lake ni masikio yaliyozoea soka.

Namba tupu humsaliti msomaji hata zikiwa sahihi. Wimbledon ya 2010, John Isner wa Marekani alimshinda Nicolas Mahut wa Ufaransa katika mechi ya raundi ya kwanza iliyochukua siku tatu, saa 11 na dakika 5 za uchezaji. Seti ya tano pekee iliisha 70-68. Ubao wa matokeo uwanjani ulikwama kwenye 47-47 kwa sababu haukuwekewa namba zaidi ya hapo, na matokeo ya mtandaoni yalipofika 50-50 yalirudi 0-0. Aliyekuwa akifuatilia kwa simu aliona sifuri kwa sifuri huku wanaume wawili wamechoka uwanjani. Hapo angeokolewa na sentensi: "Isner na Mahut wako sawa, gemu hamsini kwa hamsini, seti ya tano."

Mwenzako wa pili aliuliza kuhusu 2-6. Mechi ikishaisha, kila jozi ya namba huanza na hesabu ya mshindi wa mechi, hata katika seti aliyoipoteza. Kwa hiyo Mboko alipoteza seti ya kwanza gemu mbili kwa sita, akachukua mbili zilizofuata. Lakini mechi ikiwa inaendelea, tovuti hufuata mpangilio wa majina: aliye mstari wa juu hutangulia, awe mbele au nyuma. Na ndani ya gemu, ambako pointi husomwa kumi na tano, thelathini, arobaini, zinazotajwa kwanza ni za anayeanzisha mpira. Ukisikia "thelathini kwa arobaini", anayeanzisha ndiye aliye mashakani. Hayo mambo matatu yakichanganyika katika ujumbe mmoja, mshindi hugeuka mshindwa.

Kuna kifungu kimoja ninachokuomba ukiwekee ulinzi: "moja kwa moja". Kwanza tunakitumia kwa matangazo, matokeo ya moja kwa moja, yaani tukio linapotokea. Pili, ni hesabu halali: kila mchezaji akiwa na seti moja, seti ni moja kwa moja. Tatu, waandishi wengine huandika "ameshinda kwa seti za moja kwa moja" wakitaka kusema hakupoteza hata moja. Fikiria sasa sentensi hii: "Matokeo ya moja kwa moja: seti moja kwa moja." Msomaji aielewe vipi? Mimi ningeyagawa hivi. Kwa matangazo, tumia "mubashara", neno ambalo redio na televisheni za Tanzania zimeshalizoesha masikio yetu. Kwa hesabu, andika "wako sawa, kila mmoja ana seti moja". Kwa asiyepoteza seti, andika "seti mbili mfululizo" au "seti mbili bila". Hii "bila" ni yetu kabisa, fupi na yenye nguvu, na sioni sababu ya kuiacha viwanjani kwa soka peke yake.

Kuhusu "ret.", tafadhali usiandike "amestaafu". Kustaafu ni kuacha kazi kwa heshima, na kiinua mgongo juu. Januari 2025, katika nusu fainali ya mashindano ya Australia huko Melbourne, Novak Djokovic alipoteza seti ya kwanza 7-6 kwa Alexander Zverev, akampa mkono na kutoka kwa sababu ya jeraha la msuli wa mguu. Tovuti ziliandika kifupisho hicho. Kwa Kiswahili hilo ni "amejitoa mechi ikiendelea" au "ameshindwa kuendelea". Mchezaji akijitoa kabla ya mechi kuanza, hali ni nyingine: mwaka 2024 huko Roland-Garros, Ufaransa, Djokovic huyohuyo aliumia goti na Casper Ruud akafika nusu fainali bila kucheza robo fainali. Andika "Ruud amepita bila kucheza". Wapo wanaopenda "ushindi wa mezani", lakini hilo nalisikia kama uamuzi wa kamati iliyokaa ikapokonya timu pointi, na hapa hakuna aliyekosa.

Mvua ikinyesha, tofautisha: mechi imesimamishwa (itaendelea ilipoishia), imeahirishwa (haijaanza, imesogezwa), imefutwa (haitachezwa).

"Pointi" au "alama"? Yote mawili yanafaa. Tanzania huegemea "pointi", Kenya "alama". Chagua moja usilibadilishe katikati ya mechi. "Bao" na "goli" ndiyo usiyalete.

Limebaki jambo la mabano. Ukiona 7-6(5), seti iliamuliwa kwa taibreki, ile gemu ya pekee inayochezwa gemu zikiwa sita kwa sita (seti ya tano ya Isner na Mahut haikuwa nayo kwa kanuni za wakati ule), na namba ndogo ni pointi za aliyeshindwa: yaani taibreki iliisha saba kwa tano. Mabano ya mraba yana habari nyingine. Julai 2022, Mkenya Angella Okutoyi na mwenzake Mholanzi Rose Marie Nijkamp walitwaa ubingwa wa wasichana wawili wawili wa Wimbledon kwa 3-6, 6-4, [11-9]. Hiyo ya mwisho si seti kamili. Ni taibreki ndefu ya kufika pointi kumi kwa tofauti ya mbili, iliyochezwa mahali pa seti ya tatu. Na mmoja wa waliopoteza siku ile, pamoja na Kayla Cross, alikuwa Victoria Mboko wako huyohuyo, binti wa Kanada mwenye wazazi kutoka Kongo. Ningeyaandikia kundi lenu hivi: "Okutoyi na Nijkamp wamewashinda Cross na Mboko. Walipoteza seti ya kwanza gemu tatu kwa sita, wakachukua ya pili sita kwa nne, na taibreki ya mwisho pointi kumi na moja kwa tisa."