Uvimbe wa kitovuni: msisubiri "uive"

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 61. Yapata miezi miwili ameota kiuvimbe kigumu kitovuni, na sasa kinatoa majimaji yenye damu. Hamu ya kula imepotea, amekonda, ila tumbo linajaa. Muuza dawa za asili ametupa unga wa kupaka, anasema sumu inatoka, tusikiguse mpaka kiive. Tusubiri?

JIBU: Marahaba. Msisubiri. Mpelekeni mama hospitali ya mkoa wiki hii hii, acheni kupaka huo unga, na pakiti yake mwende nayo.

Hilo neno "kiive" nalisikia karibu kila mwezi, na linanichosha. Kinachoiva ni jipu: huja kwa siku chache, lina joto, linauma, katikati linalainika. Ngiri ya kitovu hutokeza mtu akikohoa, na mara nyingi hurudi ndani akilala. Kiuvimbe cha miezi miwili, kigumu kama kokwa, kisichosogea chini ya kidole na kinachochuruza damu, hakifanani na lolote kati ya hayo. Kwa mtu anayekonda huku tumbo likijaa maji, hofu yangu ya kwanza ni saratani iliyoanzia ndani, kwenye tumbo la chakula, utumbo mpana, kongosho au ovari, ikasambaa hadi kitovuni.

Yaani hakuna sumu inayotoka. Saratani haitafuti mlango. Ikionekana kitovuni, maana yake kwa kawaida imeshatembea, na kila wiki ya kupaka unga inaipa nafasi zaidi.

Si elimu mpya hii. Mtawa na muuguzi Mary Joseph Dempsey, msaidizi wa daktari wa upasuaji William Mayo huko Rochester, Minnesota, Marekani, aligundua kwamba wagonjwa wenye kinundu cha namna hii walikutwa na saratani iliyoenea wakipasuliwa. Mayo aliliandika jambo hilo mwaka 1928. Mwaka 1949 daktari wa upasuaji wa Uingereza, Hamilton Bailey, akakiita kinundu hicho kwa jina la mtawa huyo. Muuguzi aliyekuwa makini na kitovu aliona kile ambacho wauza unga wetu hawakioni hadi leo.

Sijasema mama ana saratani. Hilo litajibiwa na kinyama kidogo kitakachokatwa, au sindano nyembamba. Kwa kuwa kiuvimbe kipo juu ya ngozi, kipimo hicho ni chepesi, wala msikubali vitisho vya "kikiguswa na kisu kitasambaa". Mwombeni daktari apapase pia juu ya mtulinga wa kushoto, maana tezi za pale nazo huvimba. Altrasaundi ya tumbo itafuata. Majibu yakithibitisha, matibabu yatategemea ilikoanzia: ya ovari, kwa mfano, mara nyingi huitikia dawa za saratani hata ikiwa imeenea. Na hata pasipo na kupona, maumivu na maji ya tumboni yana tiba.

Wanaouza dawa za "kuvuta" uvimbe wananiudhi kwa sababu nyingine pia. Nyingi huunguza. Nilimpokea baba mmoja ambaye kitovu chake kilikuwa kidonda cheusi. Kinyama tulichokata kilirudi na jibu la nyama iliyokufa tu. Tukakata tena pembeni, tukangoja majibu upya. Muda wote huo alikuwa akilala ameketi, maji ya tumbo yakimbana pumzi.