Paka Dume Asiyekojoa Hangoji Kukuche

Juzi usiku nilipokea ujumbe kutoka kwa msomaji wa hapa. "Dada, samahani kwa usumbufu. Paka wangu dume tangu mchana anaingia na kutoka kwenye beseni lake la mchanga. Anachuchumaa, analia, halafu hakuna kitu. Nadhani amefunga choo. Nina parasetamoli nyumbani, nimpe nusu kidonge apunguze maumivu, halafu kesho nimpeleke kwa daktari?"

Sikuandika jibu, nilipiga simu. Nikamwambia kidonge kirudi kabatini na paka aingie kwenye kikapu sasa hivi. Alitii, Mungu ambariki. Asubuhi akanitaarifu kwamba mrija wa mkojo ulikuwa umeziba kabisa, daktari ameuzibua, na mgonjwa yuko kwenye dripu, ameanza kuangaza macho. Nilifurahi hata nikashindwa kufanya kazi. Habari yake imenikumbusha ya Kijivu wangu, ambayo nimeikalia muda mrefu kwa kuwa bado inanichoma. Leo naitoa.

Kijivu ni dume, amehasiwa, mnene kidogo, anaishi ndani, na wakati ule alikuwa anakula chakula kikavu peke yake. Msomee daktari wa mifugo sifa hizo, atajua unakoelekea, maana paka wa namna hiyo ndio huziba mkojo zaidi ya wengine. Chanzo ni maumbile. Mrija wa mkojo wa jike ni mfupi na mpana. Wa dume ni mrefu, na unapokaribia ncha ya uume unakuwa mwembamba sana. Kikinasa kijiwe, au ute uliochanganyika na chembechembe za madini, au mrija wenyewe ukivimba na kujikaza, njia imefungwa. Figo zinaendelea kutengeneza mkojo ambao hauna pa kutokea.

Mimi ndiye ninayesafisha beseni lake kila jioni. Mchanga ninaotumia huganda ukilowa, kwa hiyo kila akikojoa huacha donge moja. Nayajua madonge ya paka wangu, ukubwa wake na kona anayoipenda. Paka mzima hukojoa kama mara mbili hadi nne kwa siku. Jioni ile mchanga ulikuwa mkavu, umefukuliwa kila upande, na pembeni kulikuwa na vitone vichache vya rangi ya waridi. Hakukuwa na donge hata moja. Kijivu mwenyewe alikuwa chini ya kitanda, anajilamba sehemu za siri bila kupumzika. Nikamwita, hakuja. Huyu ni paka ambaye hata nikikohoa tu huja kuangalia kulikoni.

Nikambeba hadi kliniki ya karibu. Jina la mahali sitalitaja. Aliyetupokea alimtazama Kijivu akiwa upande wa pili wa meza, mikono mfukoni. Nikaeleza yote, na habari ya vitone pia. Akasema, "Huyu amefunga choo, dada. Mpe dawa hii ya kulainisha tumbo, umrudishe keshokutwa kama hajapata nafuu." Nikamwomba amshike tumbo. Hakusogea. Nikamwomba tena. Akatabasamu, akaniambia, "Dada, punguza presha. Ni paka tu."

Maneno hayo sijayasahau, na sioni dalili ya kuyasahau. Sikumjibu vibaya, nimelelewa. Niliiacha dawa yake mezani, nikachukua kikapu changu, nikaenda kutafuta daktari mwingine usiku uleule. Leo nasema kifua mbele kwamba ningemsikiliza yule bwana, ningemzika Kijivu.

Daktari wa pili alikuwa mama wa makamo. Hata majina hakutuuliza kwanza. Alipitisha mikono yote miwili tumboni mwa Kijivu, karibu na miguu ya nyuma, akatulia kidogo, kisha akaniita nishike. "Taratibu, mwanangu, usibonyeze." Chini ya ngozi nikakuta kitu cha mviringo, kigumu kama chungwa bichi. Kilikuwa kibofu. Cha paka aliyekojoa huwa laini, na asiye na uzoefu anaweza kukitafuta asikipate. Kijivu akatoa mlio ambao sikuwahi kuusikia kwake.

Nilidhani angekimbilia kuzibua. Hakufanya hivyo. Alitoa damu, akamfunga nyaya za mashine ya moyo, na huku akifanya kazi akanieleza kwa nini. Potasiamu ya ziada mwilini hutoka kwa mkojo. Mkojo ukikwama, potasiamu inarundikana kwenye damu, na ikizidi, moyo unapiga polepole, unapoteza mdundo, mwisho unasimama. Mara nyingi hicho ndicho kinachoua, kabla hata ya kibofu kupasuka. Moyo wa paka mwenye hofu mezani kwa daktari unatakiwa kwenda mbio. Wa Kijivu ulikuwa unajikokota. Akamchoma kalsiamu ya mshipani ili kuulinda moyo, akamtundikia dripu, ndipo akampa dawa ya usingizi na kuanza kuingiza mpira mwembamba wa mkojo.

Niliruhusiwa kusimama mlangoni. Alikuwa anasukuma maji ya chumvi kwa bomba la sindano, anarudisha mpira nyuma kidogo, anasukuma tena. Muda ukaenda. Kisha kikatoka kipande cha ute, kidogo kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho. Alikiweka kwenye kitambaa cheupe akanipa nikiguse. Kilikuwa kinakwaruza, kimejaa chembechembe ngumu. Nyuma yake mkojo ukaja, mwekundu, ukajaza bakuli.

Siku za kulazwa naziruka, zilikuwa za kusubiri tu. Alirudi nyumbani, yuko hai, na ni mkaidi kuliko zamani.

Sasa nizungumze na wewe unayefuga. Najua tunataka kitu kimoja, mnyama aishi miaka yake yote, azeeke mikononi mwetu. Basi hili la kwanza lishike hata kama mengine yote utayasahau: paka dume anayejikamua kwenye mchanga, mhesabu ni mgonjwa wa mkojo mpaka daktari amshike kibofu na kusema sivyo. Usiamue mwenyewe kwamba ni choo, kwa sababu mkao wa kujikamua mkojo na ule wa kujikamua choo kwa macho yetu unafanana. Kuziba kabisa kunaweza kumuua paka ndani ya siku moja au mbili. Ukiona ameanza kutapika, amelegea, mwili umekuwa wa baridi, sumu imeshasambaa na saa zilizobaki ni chache. Ndiyo maana nasema usingoje kukuche. Hata kama ni saa nane za usiku, amka, nenda.

Na ukienda, simama imara. Daktari asiyemgusa mgonjwa wako hajampima. Una haki ya kusema, "Naomba umshike tumbo." Una haki ya kuondoka na kutafuta mwingine. Usione haya kwa kuwa mgonjwa wako ana manyoya. Nimeona watu wazima wakinyamaza mbele ya koti jeupe huku mnyama wao akifa kikapuni, na sitaki wewe uwe miongoni mwao.

La pili ni kabati la dawa za nyumbani, na hapa naomba nisikike vizuri. Parasetamoli ni sumu kwa paka. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuivunja dawa hiyo kama ini la binadamu linavyofanya, kwa hiyo mabaki yake yanaharibu damu hadi inashindwa kubeba oksijeni. Ufizi unageuka kahawia, uso na nyayo vinavimba, pumzi inakata. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka mzima. Ibuprofeni na diklofenaki nazo hutoboa tumbo na kuua figo, na mgonjwa wa mkojo figo zake zimeshaelemewa tayari. Wenye mbwa msijione salama, maana ibuprofeni haichagui. Na dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini usimpake paka kamwe, inamtia mtetemeko na degedege. Kama mnyama ameshameza au kupakwa kitu, nenda na pakiti yake kwa daktari, isimulie yenyewe.

Usimminye tumbo ukidhani unamsaidia kukojoa, kibofu kilichojaa namna ile kinaweza kupasuka mkononi mwako. Usimlazimishe kunywa maji kwa bomba la sindano pia. Njia imefungwa, maji yaende wapi?

Mwanzo wa yote haya ni kumjua mnyama wako akiwa mzima. Kijivu aliokolewa na beseni la mchanga kabla hajafika kwa daktari. Paka huficha ugonjwa, ndivyo alivyoumbwa, kwa hiyo asiyemjua akiwa na afya hawezi kumwona akianza kuumwa. Leo jioni, akiwa amelala, hesabu pumzi zake kwa dakika moja, zisizidi 30. Mfunue mdomo uone rangi ya ufizi wake ilivyo siku ya kawaida. Soma uso wake pia. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal, Kanada, walichapisha kipimo cha maumivu kinachotazama sehemu tano: masikio, macho, mdomo na pua, sharubu, na namna kichwa kilivyokaa. Kila sehemu hupewa alama kuanzia 0 hadi 2, na jumla ikifika 4 kati ya 10 paka anahitaji kutulizwa maumivu. Masikio yaliyolala na kugeukia nje, macho yaliyofinywa, sharubu zilizonyooka zikielekea mbele, kichwa kilichoshuka chini ya mabega: nilipoviona vitu hivyo kwenye michoro ya kipimo kile, nilimwona Kijivu wa usiku ule.

Kinga nayo ipo, ingawa hakuna atakayekuhakikishia kwa asilimia mia. Paka wa nyumbani ametokana na paka-mwitu wa Afrika, Felis lybica, mnyama wa nchi kavu aliyezoea kupata maji mengi kutoka kwenye mawindo yake. Kiu yake ni ndogo na mkojo wake ni mzito. Chakula kikavu kina maji kama asilimia 10 tu, cha kopo kina zaidi ya asilimia 70. Baada ya yale yaliyotupata, Kijivu anakula zaidi cha kopo, na bakuli za maji ziko kila chumba, mbali na chakula. Uzito wake tumeupunguza polepole. Usimfungie paka mnene chakula ghafla, paka asiyekula siku kadhaa huumia ini.

Kuna na utulivu wa nyumba, jambo ambalo watu hulidharau sana. Tony Buffington, daktari wa mifugo aliyefundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Ohio State nchini Marekani, alitumia sehemu kubwa ya kazi yake kuonyesha kwamba uvimbe wa kibofu usio na vijidudu wala mawe, ambao ni wa kawaida sana kwa paka, unafungamana na msongo. Kuhama nyumba, paka mpya, mtoto mchanga, mafundi wanaogonga siku nzima, vyote hivyo kibofu cha paka kinavisikia. Mpe pa kupanda juu, pa kujificha, na muda wa kucheza kila siku. Mabeseni ya mchanga yazidi idadi ya paka kwa moja, yawe safi, na yasipangwe pamoja. Mwenye paka wawili awe na matatu. Wengi wananijibu kwamba nyumba ni ndogo. Nyumba yangu pia ni ndogo.

Na aliyeziba mara moja anaweza kuziba tena, hasa katika siku na wiki za mwanzo baada ya kutolewa mpira. Wakati huo beseni likaguliwe asubuhi na jioni bila kukosa, na dawa alizoandikiwa zimalizwe. Anayeziba mara kwa mara hufanyiwa upasuaji wa kupanua njia ya mkojo, na paka wengi huishi vizuri baada yake. Usikubali mtu akuambie dawa iliyobaki ni kumlaza milele kabla hujaujadili upasuaji huo na daktari anayeufahamu.

Kwa hiyo kabla ya kulala leo, piga simu kliniki mbili za jirani yako, siyo moja. Uliza kama wanapokea wagonjwa usiku na namba gani hupokelewa saa hizo. Uliza kama wana mpira wa mkojo wa paka dume, na kama wanaweza kupima potasiamu palepale. Wakisema hawawezi, waulize wao wenyewe huwapeleka wapi wagonjwa wa namna hiyo, uiandike namba hiyo pia. Kikapu kiache wazi sebuleni na kitambaa chake ndani, paka akizoee, usije ukaanza kumkimbiza chini ya vitanda saa ambayo kila dakika ina thamani.