Je, kubadili majina kunatosha?

SWALI: Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika sosholojia. Ninafanya utafiti kuhusu watu wanaosaidiana kuacha pombe, na kwa wiki kadhaa nimehudhuria mikutano ya kikundi kimoja ambacho hakijui kwamba mimi ni mtafiti. Nikijitambulisha, ninahofia kwamba watanyamaza au watasema yale wanayodhani ninataka kuyasikia. Je, haitoshi kwamba nitabadili majina yote katika tasnifu?

JIBU: Ndugu msomaji, hofu yako ina msingi, kwani mtu anayejua kwamba anatazamwa huchunga ulimi wake. Hata hivyo, nakuomba usiandike neno jingine katika daftari lako kabla hujawaambia. Watu wale walimpokea mtu waliyemdhani kuwa mwenzao katika shida, na siri walizozitoa walimpa huyo, hawakuipa tasnifu.

Taaluma yetu imewahi kulipitia jambo hili. Katika miaka ya 1960 Laud Humphreys, mtafiti wa Marekani, aliwachunguza wanaume waliokutana kwa siri na wanaume wenzao katika vyoo vya umma kwa ajili ya ngono, akijifanya mlinzi wao wa kuangalia nani anakuja. Alinakili namba za magari yao, akazitumia kupata anwani zao, na baada ya takriban mwaka mmoja akawafuata majumbani akiwa amebadili sura, akiwahoji kana kwamba ni utafiti wa afya tu. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 1970, yalivunja dhana nyingi potofu, kwa kuwa zaidi ya nusu ya wanaume hao walikuwa na wake, na majina yao hayakuvuja. Lakini wakati ule vitendo vile vilikuwa jinai, na orodha ile ingetosha kumfunga mtu au kuvunja ndoa yake. Hatari ilikuwa yao, ilhali aliyeamua kwamba ibebwe ni yeye peke yake. Kosa ninaliona hapo, hata kama hakuna aliyedhurika.

Kuhusu majina, kumficha mtu mbele ya wasomaji wa mbali ni rahisi. Ukiandika kwamba "Bi. Z, nesi mwenye watoto watatu, alianza kunywa baada ya kufiwa na mumewe", mimi sitamjua, ila kila aliyeketi naye mkutanoni atamtambua kabla hajafika kwenye nukta. Kwa hiyo, acha au badili kazi, idadi ya watoto na hata mpangilio wa matukio pale ambapo havibebi hoja yako, kisha mpe mhusika asome kifungu kinachomhusu kabla hakijatoka mikononi mwako. Orodha inayounganisha majina halisi na yale ya bandia ihifadhiwe mbali na daftari.

Ridhaa nayo haiishii kwenye fomu. Kwa kikundi kama hiki, fomu yenye sahihi yaweza kuwa karatasi pekee duniani inayomtaja mtu kwamba ni mlevi. Ndiyo maana kamati za maadili huweza kukubali ridhaa ya mdomo, mtafiti akiithibitisha kwa maandishi yasiyo na jina. Mkumbuke pia anayejiunga katikati ya utafiti, kwa maana hakuwapo siku ulipoomba ruhusa, na yule aliyekubali jana ana haki ya kukataa leo bila kuulizwa sababu. Yule asiyetaka, maneno yake yasiingie daftarini, hata kama ndiyo matamu kuliko yote.

Watu pia huzoea. Mtafiti anayekaa miezi mingi, anayefika mapema kupanga viti na asiyeandika mbele ya msemaji, mara nyingi hupata mazungumzo ya kawaida, kwa sababu si rahisi mtu kuigiza kila wiki mbele ya wenzake wanaomfahamu.

Anza na msimamizi wako na kamati ya maadili, uwaeleze yote, pamoja na wiki ambazo tayari umezitumia. Wakikuruhusu, nenda kwa kikundi. Kikikataa, maandishi uliyokwisha kukusanya usiyatumie.